Cheti cha Kijiji Safi

Choo kilikuwa na kufuli. Bonareri alikichimba mwenyewe siku tisa, kwa jembe lenye mpini uliolegea, na bado asubuhi hiyo ya Jumatano alisimama nje yake huku amemshika mjukuu wake kwapani asije akaanguka kwenye tope. Valentine alikuwa na miaka minne. Tangu kulipokucha alikuwa amechuchumaa chini ya migomba mara saba, na mara mbili za mwisho kilichotoka kilikuwa maji matupu, meupe, mithili ya maji yaliyooshea mchele.

Ufunguo alikuwa nao Onsongo, naibu wa chifu. Alikuwa amefunga vyoo vipya vyote, kumi na vinne, visije vikachafuka kabla ya Alhamisi, siku ambayo wageni wa kaunti wangekuja kukagua na kukipa kijiji cheti cha kwamba hakuna mtu hapa anayejisaidia kichakani. Kwa hiyo kwa wiki mbili kijiji kizima kilikuwa kikijisaidia kichakani. Migomba iko juu, chemchemi iko chini, na mvua haikuwa imeambiwa habari za cheti. Bonareri alishawahi kumwambia Onsongo kwamba anakionea haya choo chake, maana chenyewe kina bati jipya na yeye analala chini ya bati linalovuja. Onsongo hakucheka. Ni mtu wa kupeleka kicheko chake kwa wakubwa.

Bonareri alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi hiyo alipewa kwa sababu alimaliza darasa la saba, na kwa sababu hakuhudhuria mkutano wa kuchagua mtu. Kila wiki alipita nyumba kwa nyumba akiandika kitabuni nani anaumwa na anaumwa nini. Mwisho wa mwezi kitabu kilipigwa picha, na hesabu zikaenda Nairobi, kwa watu waliosomea jinsi magonjwa yanavyotembea milimani. Safu ya kuhara ilikuwa imekaa tupu miezi mingi. Sasa, kwa siku nane, ilikuwa na majina kumi na moja, na la mwisho lilikuwa la Valentine.

Alikuwa ameyapitia majina hayo kwa kidole, tena na tena. Wote walichota chemchemini. Katikati yao palikuwa na boma la mzee Nyasani, na humo hakuna aliyeugua. Kwanza Bonareri alidhani ni maombi, kwa kuwa Nyasani ni mzee wa kanisa. Lakini vibarua wake wa chai nao walikuwa wazima, na hao ni walevi ambao mikono yao huoshwa na umande tu. Kitu pekee walichoshiriki na mzee wa kanisa kilikuwa tangi la maji ya mvua.

Walijaribu maji ya chumvi na sukari, mtoto akayatapika. Pakiti za dawa ya kuhara hazikuwa zimeletwa tangu msimu wa mahindi. Zahanati ilikuwa na nesi mmoja na kitanda kimoja, haikuwa na dripu. Ikabaki ambulensi, na ambulensi haitoki bila sahihi ya afisa wa afya. Lorna, mkaza mwana wake, akambeba mtoto mgongoni, wakashuka hadi Ekerenyo, kwenye ofisi ya afya.

Afisa wa afya, Ochanda, alikuwa mtu wa Homa Bay, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Bonareri alimfungulia kitabu mezani, akamweleza habari ya chemchemi na tangi. Ochanda alifuata majina kwa kalamu. Alipofika kwenye boma la Nyasani kalamu ilisimama, na Bonareri akajua ameelewa.

"Mama, hii ni kazi ya mtu wa chuo," alisema. "Nani amekuonyesha?"

"Walevi wa Nyasani."

Alitaka kutabasamu, kisha akainuka akafunga mlango. Alieleza polepole, kwa adabu. Majina hayo yakiingia kwenye mtambo wa kompyuta, mtambo wenyewe unapiga kengele Nairobi. Kesho wageni wasingeleta cheti, wangeleta dawa ya kutibu maji na maswali. Mkubwa wake alishatangaza redioni kwamba wadi hii ni safi. Afisa mmoja aliyeandika alichokiona mahali pengine alihamishiwa kaskazini, na sasa anachanja ngamia.

"Ambulensi ipo na ina mafuta," alisema. "Naweza kutia sahihi sasa hivi. Lakini siwezi kutia sahihi kuhara. Andika homa."

"Mtoto hana homa. Mguse."

Ochanda hakumgusa.

Onsongo, aliyekuja kupanga sherehe ya kesho na kukaa dirishani muda wote, alisema jambo kwa Ekegusii, lugha ya kwao, ili Ochanda asielewe: kwamba nyanya anayependa karatasi kuliko mjukuu atasimuliwa hadi kanisani. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, isipokuwa neno la kumwita mama mzee.

"Na wale kumi pia, omong'ina. Kitabu kisiwe na madoa."

"Madoa gani?"

"Hayo kumi na moja."

Bonareri alimtazama mtoto. Alikuwa ameacha kulia. Lorna alifinya ngozi ya tumbo la mwanawe, akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama.

Ochanda alimpa kalamu yake. Ukurasa ulikuwa mpya, kwa sababu kufuta kungeonekana. Bonareri aliandika homa, homa, homa. Alipofika la saba aliuliza kama anaruhusiwa kuweka kikohozi mahali pamoja, ugonjwa usije ukachoka. Ochanda alisema homa inatosha. Ukurasa wa zamani Onsongo aliuchana, akaukunja, akautia mfukoni, na ambulensi ikaondoka na Lorna na mtoto. Nyanya hakupata nafasi.

Alhamisi kufuli zilifunguliwa saa moja asubuhi. Vyoo vilinukia mbao. Mgeni mmoja alichungulia migombani, akaandika safi. Mvua ilikuwa imeshateremsha kila kitu. Kisha msichana wa Nairobi aitwaye Sheryl, mmoja wa wale wanaosoma hesabu za magonjwa, akainua kitabu cha Bonareri mbele ya watu. Alisema katika vitabu vyote vya wadi hakuna kilicho safi kama hiki, na kwamba tangu vyoo vijengwe safu ya kuhara haina jina hata moja. Akachora hewani mstari unaoshuka. Watu walipiga makofi. Abner, jina la nne kwenye ukurasa uliochanwa, alipiga makofi akiwa ameegemea mke wake.

Bonareri aliitwa mbele. Walikuwa wakimpanga na Ochanda pande mbili za cheti, ili wapigwe picha, simu yake ilipolia. Alikuwa Lorna, kutoka hospitalini, akampa daktari simu.

Daktari alikuwa kijana, sauti imechoka. Alisema fomu inasema homa na yeye haoni homa. Alihisi ni kipindupindu. Dripu za kawaida ziliisha Jumatatu. Zilizobaki ni za wakati wa mlipuko wa ugonjwa, zimefungwa stoo, na stoo haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Alikuwa ametazama kwenye mtambo: kijiji chao hakina mgonjwa mwingine wa kuhara.

"Je, ni kweli, mama?"

"Ni kumi na mmoja," Bonareri alisema, na hakupunguza sauti.

Kisha daktari akasema hiyo inatosha, ila hawezi kuandika maneno ya nyanya. Anataka afisa wa huko aseme neno moja tu, ndiyo, na atafungua sasa hivi, maana mtoto hana muda.

Bonareri alimnyooshea Ochanda simu, juu ya cheti. "Bwana Afya, ni daktari. Anataka ndiyo yako."

Ochanda aliitazama. Kwenye kiganja cha yule mama ilikuwa ikisema haloo, haloo. Alishika cheti kwa mikono yote miwili, akakivuta kifuani, akageuza uso kwa mpiga picha.

"Mama, shusha mkono," Sheryl alisema kwa upole. "Unafunika maandishi."

Mkono haukushuka. Ndani yake sauti iliuliza tena kama afisa yupo.