Dola Tano kwa Ishirini na Tano

Kila Jumamosi duka la bei nafuu la mtaani kwetu hutoa kuponi moja: nunua vitu vya dola ishirini na tano, upunguziwe tano. Tangu Juni sikukosa hata Jumamosi moja. Nilimkalisha mtoto wangu mchanga, Maisie, kwenye kitoroli, nikaenda na kuponi nyingine nilizokata gazetini, nimezibana kwa kibanio cha nywele.

Verna wa kaunta alinizoea. Akimaliza kupiga hesabu, huchukua kalamu nyekundu, akazungushia duara ile namba ya chini ya risiti inayoonyesha umeokoa kiasi gani, kisha akaitangaza duka zima lisikie.

"Dola sita! Mwanangu, utawafilisi hawa wenye duka."

"Wakifunga utanilaumu?"

"Nitahamia kwako. Sabuni si unazo?"

Tukacheka. Sitaficha: wiki nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu pekee na mtu mwenye meno kamili. Baba yake Maisie alikwenda North Dakota kwenye visima vya mafuta. Pesa huja mara mojamoja, yeye haji. Dada yangu Renee yuko Knoxville, siku nzima kwa basi kutoka hapa Ohio. Nilimwahidi kwamba Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba familia zinapokula pamoja, nitakula mezani kwake. Nauli ni dola mia moja na kumi na nane. Mpango wangu ulikuwa rahisi: risiti naziweka kwenye kopo la biskuti, na siku namba za ndani ya duara zikifikia nauli, tunaondoka.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, Maisie akiwa amelala mchana, nilizijumlisha. Mia moja ishirini na moja! Nikafungua akaunti ya benki kwenye simu nikate tiketi. Zilikuwemo dola thelathini na moja.

Kwanza nilidhani benki imekosea. Kisha nikachukua penseli, nikafanya kama tunavyofundishwa kwenye darasa langu la jioni la uhasibu: andika kilichotokea, si unachotamani. Nepi, ambazo ndizo nilizohitaji, ni dola kumi na moja. Ili nifike ishirini na tano niliongeza vitu vya kumi na nne. Kuponi ikitolewa, nalipa ishirini. Kila Jumamosi nilitoa dola tisa zaidi ili niambiwe nimeokoa tano.

Simu ikalia. Renee.

"We Kayleen, umekata tiketi?"

Ulimi ulitaka kusema mtoto ana homa.

"Sina nauli, dada."

"Si ulisema umeokoa mia na kitu?"

"Nimeokoa. Ziko kabatini. Chupa kumi na saba za shampuu."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka. Kisha nikamsikia akihesabu pesa zake kwa kunong'ona, nikajua hazitoshi.

"Ningekutumia, mdogo wangu..."

"Najua."

Jumamosi iliyofuata nilipeleka nepi peke yake kaunta.

"Bado dola kumi na nne, mwanangu! Kimbia, nakushikia foleni."

"Leo hizi tu."

Verna aliitazama risiti, kalamu mkononi. "Nimekuudhi?"

"Hapana, mama. Siku ya Shukrani unakula wapi?"

"Kwa binti yangu, Toledo. Na wewe?"

"Tupo nyumbani."

Alifungua kinywa aseme kitu, lakini mteja wa nyuma alikuwa ameshapanga makopo yake.

Nyumbani niliweka dola tisa kwenye bahasha. Kwa mwendo huo ni Jumamosi kumi na nne. Nikamwambia Renee: Machi.

"Machi basi. Maisie atakuwa anatembea. Atashuka kwenye basi kwa miguu yake."

Siku ya Shukrani nilipika paja la kuku na viazi vya kuponda. Renee alipiga, nyuma yake sahani zilikuwa zikigongana, watoto wanagombania mkate.

"Nikupigie tukishakula?"

"Usikate," nilisema. "Iweke tu mezani, nyinyi mle."

Akaiweka. Nikaiegemeza ya kwangu kwenye jagi la maji, nikamvuta Maisie karibu, tukala.