Redio Mbili za Saa Nane

Anastazi hakuwahi kuchuma kahawa bila redio. Aliitundika kwenye tawi la mbuni, akafunga ndoo kiunoni, na mikono ikafuata ngoma. Mama Eustadia, mwenye shamba hilo la Isingiro, alikwisha kumzoea. "Huyu kijana," aliwaambia majirani, "ukizima redio umemzima na yeye."

Siku hiyo alikuwa na miadi nzito. Saa tisa alasiri alitakiwa nyumbani kwa mzee Kahigi, baba yake Vero, kujitambulisha. Baba mdogo wa Anastazi, Niyitegeka, angetangulia kumsubiri huko. Na Kahigi alikuwa mtu wa saa. Mwaka jana alimrudisha mlangoni mchumba mwingine kwa kuchelewa robo saa tu. "Asiyejali saa yangu hatamjali binti yangu," alisema, na neno hilo likazunguka kijiji kizima. Anastazi alimpenda Vero kupita kiasi, na tangu alfajiri moyo ulikuwa ukimdunda. Akaona achume kidogo, utulie.

Simu aliiacha dukani ichaji. Stesheni yake ya kila siku ilikuwa ikikwaruza, akazungusha kitufe mpaka akanasa Kinyarwanda safi kutoka ng'ambo ya mto. Nyimbo za harusi, moja baada ya nyingine, kama vile wamemjua! Mtangazaji akasema ni saa nane kamili. Anastazi akajiambia bado mapema, akahamia mbuni mwingine, kiuno kikicheza mpaka kahawa zikamwagika.

"Wewe!" Mama Eustadia alitokea na jembe begani. "Bado uko hapa?"

"Shikamoo mama. Bado muda, ni saa nane na dakika ishirini."

"Nani kakwambia?"

Anastazi akaelekeza kidole kwenye redio. Mama Eustadia akasikiliza kidogo, akashika kiuno.

"Hiyo ya Rwanda! Wao wako nyuma yetu saa nzima!"

Jambo hilo kila mtu wa huku analijua, na Anastazi alilijua tangu utotoni. Lakini ukishapigiwa nyimbo za harusi, nani akumbuke mambo ya saa? Alinawa uso harakaharaka, akakwapua shati safi kwa mkono mmoja na redio kwa mwingine, akatoka mbio.

Alikata njia ya mkato, akatokea nyuma ya nyumba ya Kahigi, katikati ya migomba. Hapo akaganda. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, miguu ina udongo, akikata majani makavu na kujiimbia. Redio yake ilining'inia kwenye mgomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Kahigi alisikiliza mtangazaji, akatabasamu. "Saa tisa kasoro robo. Umewahi, mwanangu! Hivyo ndivyo ninavyotaka."

Angeweza kunyamaza. Lakini huyu alikuwa baba yake Vero, na ukwe haujengwi kwa uongo.

"Baba, nimechelewa. Hiyo ni saa ya Rwanda. Hata mimi imenidanganya. Kwetu ni saa kumi kasoro robo."

Kahigi akaitazama redio kwa muda mrefu. Akaitazama nyumba. Akayatazama matope miguuni mwake.

"Ndani kuna nani?"

"Baba mdogo. Nadhani tangu saa tisa."

"Na mke wangu?"

"Na mama."

Mzee akakata mkungu wa ndizi, akamtwika Anastazi begani. "Sikiliza. Tukiulizwa, ulifika mapema, nikakuomba unisaidie shambani. Umenielewa?"

Waliingia uani bega kwa bega, kila mmoja na redio yake kwapani. Mlangoni alisimama Benadeta, mke wa Kahigi, mikono kifuani. Nyuma yake Vero alikuwa amevimba macho kwa kulia.

"Kijana alikuwa ananisaidia," Kahigi akaanza.

Benadeta alitega sikio. Kutoka makwapa yote mawili ulikuwa ukitoka wimbo mmoja, wa harusi, kwa Kinyarwanda, na hakuna aliyekumbuka kuzima.

"Vero," aliita, "njoo umpokee mumeo. Huyu wangu nimeshamzoea."