Jasho la Georgette

Mwanamke akianza kupendeza bila kununua kikwembe kipya, mume wake ana haki ya kuuliza. Ndivyo alivyowaza Casimir, karani wa ghala la pamba katika mji wa Baraka, mwaka ule wa hamsini na sita. Lakini hilo hakuuliza, alinuna. Na wivu wa mnunaji, jamani, huiva polepole.

Tazameni wenyewe. Kila alfajiri mkewe Georgette alitoka na kikapu kitupu. Jua likipanda kidogo anarudi ana jasho, mashavu yanang'aa, anaimba, na kikapuni mna samaki. Mwaka uliopita alikuwa analalamikia magoti, akipanda kilima anahema. Sasa alitwanga muhogo kama msichana. Casimir je? Tangu anunue baiskeli, hata kwa kinyozi, nyumba ya tatu tu, alikwenda kwa baiskeli. Tumbo lilikuwa limefika kwenye usukani.

"Samaki unapewa na nani?" aliuliza siku moja.

"Na Zuberi," Georgette akajibu, akaendelea kupara magamba.

Zuberi! Mwenye boti, mwenye wavu, mwenye kifua kipana na meno yote mdomoni! Casimir hakula siku ile. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia, na mimi nimeshalowa. Georgette alipomwambia, "Baba Roger, kesho twende wote ziwani," aliona ni dharau tupu: mwizi anamkaribisha mwenye mali! Akachukua karatasi ya kazini, akamwandikia baba mkwe wake, mzee Placide wa Kazimia, mistari miwili: Njoo umchukue binti yako. Amenishinda.

Kesho yake alingoja mkewe atoke, akapanda baiskeli mpaka ufukweni. Boti ya Zuberi ilikuwa inapakia muhogo kwenda Kazimia. Nahodha wake, Bonaventure, aliipokea barua akaitia ndani ya kofia yake ya majani. Casimir akajisikia kama mtu aliyeng'olewa jino bovu. Kisha akaenda upande wa pili wa mchanga, awafumanie.

Alikuta kamba mbili ndefu zinatoka majini, na kila kamba wanawake kama kumi na watano wameinama, wanavuta kwa wimbo, wanakanyaga pamoja, wanacheka mpaka wengine wanaanguka. Georgette alikuwa mmoja wao. Zuberi alisimama majini mpaka kiunoni, amewapa mgongo, macho yote kwenye wavu. Hata malkia angepita, asingemwona.

"We karani!" bibi mmoja akafoka. "Miguu iko ku muchanga, mikono iko wapi?"

Maana desturi ya pale ni hiyo: wavu ukivutwa, aliyekanyaga mchanga anashika kamba, awe padri, awe sultani. Anayeiachia kabla wavu haujafika huzomewa mwezi mzima. Casimir akavua viatu, akashika nyuma ya mkewe. Ee mama! Viganja vikawaka moto, lakini miguu, bila kumwomba ruhusa, ikaanza kufuata wimbo.

Georgette akageuka, akacheka kicheko ambacho Casimir hakuwa amekisikia kwa miaka miwili.

"Baba Roger, umekuja! Tangu ulete ile baiskeli hatutembei tena wawili. Zamani tulikuwa tunaenda ku misa na miguu, tunacheka njia yote. Sasa we unapita na kengele, mi nabaki na vumbi. Hapa napata jasho ya bure, napata bamama ya kucheka nabo, na mboga juu yake. Magoti haiumi tena."

Casimir alitaka kucheka naye. Ndipo alipoikumbuka ile kofia.

Aliachia kamba. Wanawake wakazomea. Boti ilikuwa imeshasukumwa, makasia yanapiga maji. Alikimbia hatua thelathini, pumzi ikamkatika, akaanguka magoti mchangani. Alifungua mdomo kuita, sauti haikutoka.

"Iko nini?" Georgette alikuwa amemfikia, naye ameachia kamba.

"Barua... mu kofia ya Bonaventure... isiende!"

Georgette alikaza kikwembe, akajitupa majini, mikono yake ikakata maji moja kwa moja mpaka wapiga kasia wakasimama. Alirudi na kofia nzima kichwani, na barua ndani yake, kavu.

Alikaa kando ya mumewe, wala hahemi. Shule hakuiona hata siku moja. Alimkunjulia karatasi mapajani.

"Soma."

Casimir akaanza: "Baba mkwe, tunakusalimu sana. Binti yako ni mzima, ana nguvu, na mimi ninamshukuru Mungu kwa kunipa yeye. Mihogo imekubali. Roger anakua..."

Georgette alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi.

"Mistari iko mibili," alisema, "na we umesoma mingi."

Georgette akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kikwembe, akamshika mkono wakarudi kwenye kamba, kuzomewa wote wawili.

Baiskeli siku hizi inabeba muhogo. Kila Jumapili wanakwenda misa kwa miguu, na wakifika kwenye kilima Georgette hugusa lile fundo la pindo na kuuliza, "Baba Roger, leo utanisomea?"

Casimir huongeza mwendo. Georgette humfikia bila kuhema.