Vinyweleo vya Tairi

Kila Aprili nilikuwa naomba pikipiki ya mume wangu ifeli ukaguzi wa mwaka. Sisemi nilitamani tu kimoyomoyo. Niliomba hasa, nimefumba macho pale kwenye sinki la jikoni, kama mtoto anayeomba theluji imfungie shule. Ifeli breki. Ifeli usukani. Ikutwe na ufa mahali pasipozibika, Darren wa gereji aseme hii haigusi barabara tena, tuiuze kama chuma chakavu na mimi nirudishiwe Jumapili zangu. Na kila Aprili Keith alirudi akipeperusha cheti.

“Imepita tena! Bila hata onyo moja!”

Jioni kwenye baa alimwambia kila mwenye masikio kwamba pikipiki za aina hii hazifeli, kwamba Wajapani walipoziunda hawakuwa wanacheza, na kwamba anayetaka pikipiki ya mbio ya uhakika aje amuulize yeye. Watu walimuuliza. Alipenda sana kuulizwa.

Kaka yangu Philip alikufa kwa pikipiki, kwenye kona ya juu ya bwawa la Ladybower, Jumapili moja ya Juni, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nyama ilikuwa kwenye oveni. Polisi wawili waligonga, mama akaniambia nikafungue, nikafungua. Ile nyama iliungua mpaka nyumba nzima ikajaa moshi na hakuna aliyekumbuka kuzima. Keith, wakati huo mchumba wangu, alilibeba jeneza upande wa kushoto. Kwa hiyo hakuna jambo kuhusu Jumapili na pikipiki ambalo Keith alikuwa halijui.

Alipofika miaka hamsini na sita akanunua pikipiki ya mbio, nyekundu, iliyotumika kidogo, ya kuinamia kama mtu aliyeangusha sarafu. Nililia. Nikanuna wiki nzima. Akasema, “Lorraine, nimekaa ofisi ya bima tangu kijana. Niachie kitu kimoja.” Nikamwachia, na hapo ndipo nilipoanza kuishi roho mkononi.

Jumapili zote za kiangazi zilikuwa moja. Keith anavaa suti yake ya ngozi, anapanda kilima, mngurumo unafika machimbo ya mawe, kisha kimya. Mimi nasimama kwenye dirisha la jikoni, simu iko kwenye kizingiti cha dirisha. Dada yangu Janet, anayekaa Whitby kando ya bahari, alinialika kila wiki mpaka akachoka, akaacha kunialika. Sikuweza kwenda. Niliona kwamba polisi wakija, lazima wamkute mtu wa kufungua mlango. Ni wazo la kijinga, lakini ndilo nililoishi nalo kiangazi baada ya kiangazi, nikimenya viazi bila kuviona.

Mngurumo ukirudi, nilikimbia. Nilimkumbatia pale mlangoni na aproni yangu, na ile suti ilikuwa ngumu kama mlango wenyewe, inanuka ngozi na majani. Yeye akicheka. “Nimefika, mke wangu, nimefika.” Mezani alinipigia stori za kona za barabara ya Snake, ileile ya Philip, jinsi alivyolala mpaka goti likakaribia lami, jinsi alivyompita kijana mmoja kutoka Sheffield. Mara nyingine aliniletea njegere, kutoka kwa mkulima wa njiani, karibu na Bakewell. Kioo cha helmeti yake kilikuwa kimejaa wadudu waliopondeka. Nikitaka kukifuta alikataa.

“Hizo nishani zangu,” alisema.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, akaanguka kutoka kwenye ngazi akisafisha mifereji ya paa. Akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Darren alikuja kuichukua pikipiki kwa gari, na siku ya ukaguzi nikasema nitakwenda mwenyewe kusikia majibu.

“Ya nini?” Keith akasema. “Darren atapiga simu.”

“Nataka kunyoosha miguu.”

“Mvua hiyo.”

“Nina mwavuli.”

Alining’ang’ania mpaka getini. Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza kwa nini. Lakini na mimi nilikuwa na mpango wangu, na mtu mwenye mpango hamsikilizi mwenzake.

Nilimkuta Darren anafuta mikono, na pikipiki imeinuliwa kwenye stendi, inang’aa. “Imefaulu, Bi Lorraine. Bila onyo. Kamwambie mzee aandae bia.”

Nikaufunga mlango wa gereji nyuma yangu. “Darren, nina ombi. Ifelishe.”

Akacheka. Halafu akauona uso wangu, akaacha. “Niifelishe kwa lipi?”

“Lolote. Mwambie fremu ina ufa. Mwambie imeoza kwa ndani.”

“Unataka ninyang’anywe kibali changu? Kwa hii? Hebu njoo uone.” Akaniinamisha karibu na gurudumu la mbele kama anayemwonyesha mtu mtoto mchanga. “Gusa hapa pembeni. Unavihisi hivi vinyweleo?”

Nikavihisi. Ncha ndogondogo za mpira, laini, zimejipanga kwenye ukingo wa tairi kama ndevu za kijana anayebalehe.

“Tairi linatoka navyo kiwandani. Ukililaza kwenye kona mara mbili tatu, lami inavinyoa vyote. Matairi haya nilimfungia mimi, kiangazi kile alichoinunua. Katikati pamelika kidogo. Pembeni hapajawahi kugusa barabara.”

“Maana yake nini?”

“Maana yake Keith anaendesha kama anampeleka bibi yake kanisani. Na bibi mwenyewe anakaa jirani! Mwaka mzima imetembea maili hamsini na kitu. Sisi hapa tunaiita binti mfalme.” Alikuwa anafurahi, hakuwa na habari. “Si ndiyo maana haifeli? Breki zitaliwa na nini? Cheni italegezwa na nani? Nyingine za aina hii naletewa zimechoka, shokapu zinavuja, matairi kipara. Hii inalala chini ya blanketi.”

“Anakwenda Snake,” nikasema. “Kila Jumapili anakwenda Snake.”

Darren akarudia kufuta mikono. “Basi labda anapanda basi,” akasema, na papo hapo nikaona anatamani kuimeza kauli yake.

Nilirudi kwa miguu na mwavuli sikuufungua. Kumbe nimepigwa changa la macho, na mimi mwenyewe nalishukuru kwa kukumbatia. Mwanamke, nikawaza. Mwanamke wa karibu, wa maili moja hivi. Nikawapitisha kichwani wote, mjane wa duka la maua, mwalimu wa yoga, hata Brenda wa posta na nyonga yake ya bandia. Nilikuwa nimeloa mpaka chupi nilipoingia jikoni.

Keith alikuwa anachemsha maji kwa mkono mmoja. “Imepita?”

“Ni nani?”

“Nani nani?”

“Huyo unayekwenda kwake Jumapili. Maili hamsini kwa mwaka, Keith. Nimezishika ndevu za tairi kwa mkono wangu!”

Alikaa chini taratibu, mzima mzima, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake. Kisha akasema, “Roger.”

“Roger yupi?”

“Roger wa bustani za kukodi za halmashauri, kule juu. Nakaa kibandani kwake. Tunakunywa chai. Tunasikiliza redio.”

Roger ana karibu miaka themanini na meno manne. Nilitaka kucheka, na ningecheka kama asingeendelea. Akaniambia kwamba Jumapili yake ya pili tu, kwenye kona ya Philip, lori lilimjia na mikono yake ikakataa. Ilikataa kabisa, ikakakamaa. Alipona kwa upana wa kiganja. Alikaa kwenye ukuta wa mawe mpaka akaacha kutetemeka, kisha akarudi kwa mwendo wa kusukuma kigari cha mtoto. Tangu siku hiyo hajawahi kupita machimbo.

Kwanza nilisikia nafuu, sitadanganya. Alikuwa salama. Siku zote zile alikuwa salama, ameketi kwenye kiti. Halafu ndipo uchungu ukaja nyuma yake, na huo haukuwa na haraka ya kuondoka.

“Na mimi?” nikasema. “Mimi nilikuwa wapi, Keith? Janet ameacha hata kunipigia. Nilikuwa nasimama hapa nakuzika kila Jumapili. Kwa nini hukuniambia?”

Akaiangalia plasta yake.

“Sema.”

“Ulinikimbilia,” akasema.

“Nini?”

“Jumapili ile ya kwanza. Ulinikimbilia mlangoni na aproni yako, ukanishika kama... Lini uliwahi kunikimbilia, Lorraine? Miaka yote natoka kazini unasema viatu, Keith, nimedeki. Nikaona nikikwambia siendi tena, basi, imekwisha. Sikuwa na nia mbaya.”

Maji yalichemka, birika likajizima lenyewe.

“Umemfukua Philip,” nikasema. “Kila Jumapili umemfukua kaka yangu ili upate kukumbatiwa.”

“Usiseme hivyo.”

“Na njegere?”

“Za Roger.”

“Na wadudu wa kwenye helmeti?”

“Ni wa siku ile ya pili,” akasema. “Ni walewale.”

Nililala chumba cha wageni. Alileta chai mlangoni asubuhi, nikaiacha ipoe palepale. Sikupiga kelele, maana sikuwa na kelele za kutosha. Kama angekuwa na mwanamke ningejua la kufanya, wanawake wenzangu wote wangenifundisha. Lakini mume aliyetumia hofu yangu kama blanketi la miguuni, huyo unamshtaki kwa nani?

Jumapili iliyofuata kulikuwa na jua. Nyama niliiacha kwenye friji. Keith alikuwa sebuleni na gazeti. Nikavaa koti, simu yangu nikaiacha kizingitini pale pale ilipozoea kukaa, nikatoka bila kusema neno. Nilisikia akiita jina langu nikiwa nimeshafika getini.

Nilipanda kilima. Nikafika machimbo, nikakata kulia, na bustani za halmashauri zikawa mbele yangu, vitunguu na mabua ya njegere na vibanda vyake. Roger alikuwa anachimba. Aliponiona akanyoosha mgongo, wala hakushangaa.

“Karibu, mama. Keith mkono unaendeleaje?”

“Unapona.”

“Nilimwambia aache mambo ya ngazi. Kaa hapo, kiti chake hicho. Chai ipo.”

Kilikuwa kiti cha kukunja, kiko kwenye mlango wa kibanda, na juu yake mto wa maua niliodhani niliutupa miaka mitatu iliyopita. Nikakaa. Roger akanimiminia kwenye kikombe cha Keith. Redio ilikuwa inasema kwa sauti ya chini kuhusu kriketi. Palikuwa na amani ambayo sikuwa nimeionja siku ya Jumapili tangu pikipiki ile iingie kwetu, na ilinichoma kuona kwamba ilikuwepo muda wote, mwendo mfupi tu kutoka kwenye sinki langu.

“Keith anakipenda kiti hicho,” Roger akasema. “Nimemwambia akisogeze kivulini, hataki. Anasema hapo anakuona.”

“Ananiona?”

Akanyoosha kidole chenye udongo. Chini ya mteremko, ng’ambo ya reli, paa zetu zilikuwa zimepangana. Nililitambua bomba letu la moshi. Chini yake dirisha la jikoni, dogo, lakini wazi kabisa na jua likilipiga.

“Wewe si ulikuwa unajua?” Roger akauliza. “Mimi nilidhani unajua. Hukaa hapo akasema, tazama, Roger, bado amesimama. Basi ananiomba chai nyingine.”

Chai ilinimwagikia gotini. Hakuwa ananifikiria tu nikimsubiri. Alikuwa ananitazama. Nilikuwa natazama barabara ya kifo cha kaka yangu, na yeye alikuwa ananitazama mimi, amekalia mto wangu.

Ndipo nikaona kitu kinasogea kwenye lile dirisha. Mtu alikuja akasimama kwenye sinki. Sura sikuweza kuiona, ila ule weupe wa plasta niliuona, ameuinua mkono kifuani kama anayeapa. Aliangalia upande wa getini. Akaondoka, akarudi. Akainama kidogo, nadhani aliiona simu yangu pale kizingitini, kisha akasimama tena na hakuondoka.

Ilikuwa tamu. Ningependa kusema sikuhisi hivyo, lakini ilikuwa tamu kumwona mtu amesimama kwa ajili yangu, hajui niko wapi, na hawezi kwenda popote. Na kwa sababu ilikuwa tamu nilimwelewa Keith, na kwa sababu nilimwelewa nilimchukia zaidi.

Roger akainua birika. “Nikuongeze, au unarudi nyumbani?”

Nikalitazama dirisha. Bado alikuwa amesimama.

“Jaza,” nikasema.