Nani Kachomoa Waya

Kompyuta ya Fundi ilikuwa haiitambui tena kadi yake ya mtandao. Kadi ilikuwa palepale kwenye tundu lake, waya umeingia barabara, lakini vile vitaa viwili vya kijani vya nyuma vilikuwa vimezimika, na kwenye skrini kulikuwa na alama ya njano yenye maana moja tu: kitu hiki mimi sikijui.

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Kwa muda mrefu kompyuta ilikuwa ikimwomba kila asubuhi ruhusa ya kujipandisha kwenye mfumo mpya, naye kila asubuhi akiiambia baadaye. Jana, saa ya kufunga kazi, ikamwuliza tena. Alikuwa na njaa. Akabonyeza ndiyo, kwa sababu katika ndoa alikuwa amejifunza kwamba ndiyo ni neno linalomaliza maneno upesi. Ndoa yenyewe ilishavunjika, lakini tabia ilibaki.

Kwa nini mtu mzima atokwe jasho kwa ajili ya kipande cha bati na vitaa viwili? Sababu ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Katika kimoja Fundi alikaa na mashine ya kudarizi, dude zito lenye sindano nyingi na kelele za treni. Katika cha pili alikaa mtalaka wake, ambaye ndiye aliyechora kila kitu kwenye kompyuta: nembo za shule, majina ya vilabu, maua ya mashuka. Walipoachana waligawana sahani, magodoro, hata sufuria lililotoboka. Mashine haikugawanyika. Bila michoro ni chuma tu, na michoro bila mashine ni picha tu. Kwa hiyo waliacha kuwa mume na mke, wakabaki kuwa wabia. Mlango wa katikati ukafungwa kwa komeo, Fundi akausukumia kabati la nyuzi, na kitu pekee kilichoendelea kupita kati yao ni waya wa buluu wa mtandao kwenye tundu la ukutani.

Mazungumzo yao yote yalipita humo. Mwanamke alituma mchoro na maagizo akayafanya jina la faili: BULUU YA KUIVA SI YA MAJI. Au: SAFARI HII KONA ZISILEGEE. Kuna siku alituma faili tupu yenye jina USIPANDISHE MFUMO KADI YETU NI NZEE. Fundi alijibu kama alivyojibu yote, kwa kulibadilisha jina likawa SAWA na kuirudisha faili. Akiwa amekasirika aliandika NIMEONA.

Na palikuwa na mapatano. Siku ya kugawana, shangazi wa mwanamke, aliyeletwa kuamua, alichoka mapema akasema, "Mimi sitaki kuitwa hapa mara ya pili. Atakayemchoka mwenzake achomoe waya. Waya ukichomolewa, biashara imekufa. Kila mtu auze chake kwa amtakaye, na mwenzake asiulize." Wote wawili wakakubali. Siku ile wangekubali lolote mradi waende kulala.

Sasa, kwa mtu aliye upande wa pili, kadi iliyokufa na waya uliochomolewa havina tofauti. Skrini inamwambia vilevile: mwenzako hayupo. Na ng'ambo ya barabara alikuwepo mshona mapazia, mtu aliyenyooka kama fimbo ya pazia, ambaye kwa muda mrefu alikuwa anakitamani kile chumba cha mwanamke awe anaweka vitambaa vyake. Watu walimwita Bwana Mapazia.

Fundi hakutaka biashara ife. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mashine.

Akamwita fundi wa kompyuta, aliyeitwa Daktari kwa sababu ya koti jeupe alilolinunua mtumbani. Daktari alikaa, akatazama ile alama ya njano, akavuta pumzi puani.

"Ulibonyeza."

"Iliniuliza."

"Na wewe, kaka, kila anayekuuliza unamkubalia?"

"Tengeneza, acha mahubiri."

"Draiva ndiye kaondoka," Daktari akasema. "Ni programu ndogo, mkalimani. Kompyuta ina lugha yake, kadi ina lugha yake, draiva anakaa katikati anatafsiri. Mfumo mpya umeingia, umemkuta mkalimani mzee haelewi mambo ya siku hizi, umemtoa nje."

"Mrudishe."

"Nimrudishe kutoka wapi? Hii kadi, walioitengeneza walishafunga duka. Nikuagizie mpya. Itafika keshokutwa."

"Leo."

"Leo haipo. Lakini subiri, tunahangaika bure." Daktari akatoa flashi mfukoni. "Shika hii. Toka nje, zunguka, piga hodi mlango wa pili, nakili mchoro, rudi ushone. Hata chai haitapoa."

Fundi aliitazama ile flashi kama mtu aliyeambiwa akaoge barabarani.

"Nimekuita kwa ajili ya kadi. Sikukuita usuluhishe ndoa."

"Ndoa si nilisikia iliisha?"

"Ndiyo maana siendi."

Daktari akairudisha flashi mfukoni. Alikuwa ameshaona wagonjwa wa kila aina.

Shida ya kwanza ikawa hii: draiva anapatikana kwenye intaneti, na intaneti ya chumba hiki ilikuwa inapita kwenye kadi hiyohiyo isiyo na draiva. "Ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake," Daktari akasema, akatoa simu yake, akaanza kutafuta huku anakumbusha kwamba bando alinunua kwa jasho lake. Akampata draiva wa zamani, akamhamisha, akamweka. Vitaa vikawaka. Fundi akainuka nusu kwenye kiti. Vitaa vikazimika, skrini nzima ikawa ya buluu na maneno mengi meupe, kisha kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe kama mtu aliyeota ndoto mbaya.

"Huyo mzee mno," Daktari akasema.

Wakati kompyuta inawaka, kwenye tundu la waya ukutani ikapita sauti ndogo. Krrr. Kimya. Krrr. Fundi alikuwa ameshona nguo tangu ujana na kwa sauti hiyo hakuhitaji mkalimani. Ilikuwa futi ya chuma, ile inayojikunja yenyewe.

"Hapa rafu mbili zitakaa," ikasema sauti ya Bwana Mapazia. "Na hii meza, dada, inabaki ama inakwenda?"

"Meza ni yangu," akasema mtalaka. "Ukiitaka tuelewane."

"Tuelewane basi. Hii nailipa sasa hivi."

Fundi akamgeukia Daktari. "Fanya haraka."

"Kompyuta haina haraka, kaka. Wewe ndiye mwenye haraka."

Lakini hata yeye akavua saa ya mkononi. Alifungua sanduku la kompyuta, akapuliza vumbi lililotosha kupanda maharage, akaing'oa kadi, akaisogeza dirishani, akaisoma kwa miwani na bila miwani. Kisha akacheka kidogo.

"Unaona? Jina lililobandikwa nje ni la wale waliofunga duka. Lakini hiki kidude cheusi cha katikati, ambacho ndicho kadi yenyewe, kina jina la watu wengine. Walinunua moyo kwa jirani wakaubandika jina lao."

"Na huyo jirani yupo?"

"Yupo na ananenepa."

Akayafuta meno ya kadi kwa raba ya penseli, akairudisha, akatafuta kwa jina la yule jirani. Draiva akapatikana, wa juzijuzi tu. Mfumo mpya ukamtazama ukamkataa: hana saini, haijulikani nani kamdhamini.

"Makaratasi tena," Fundi akasema.

"Tunaizima na kuiwasha kwa amri ya kupokea wageni wasio na mdhamini. Ni mara moja tu. Tulia."

Kompyuta ikazimika. Ikaanza kuwaka. Vidoti vyeupe vikawa vinazunguka kwenye skrini, polepole, kama watu wazima wanaotembea baada ya kula.

Ukutani futi ilikuwa imenyamaza. Sasa aliyekuwa anazungumza ni mwanamke, na hakuwa anamweleza Bwana Mapazia hasa, alikuwa anasema tu.

"Tangu asubuhi kachomoa. Nimemtumia kazi ya mwoka mikate, haikwenda. Nimemtumia tena. Hata neno moja la kufunga hakuandika. Kachomoa kama mtu anayezima taa ya choo."

"Basi dada, hapo pana mtu wa kumsubiri?"

Hakujibu. Na Fundi, aliyeishi naye miaka yote ile, alijua kwamba akinyamaza namna hiyo anahesabu, na akimaliza kuhesabu harudi nyuma.

Akavitazama vidoti. Vilikuwa vinazunguka.

Kutoka nje na kuzunguka kungekuwa rahisi, lakini mtu aliyeshikwa na jambo kama hilo hakumbuki njia. Fundi alilishika kabati la nyuzi akalivuta. Mguu mmoja wa kabati ukabaki ulipokuwa, na kabati lenyewe likaja, na roli za uzi zikamwagika sakafuni rangi zote. Akalivuta komeo. Lilikuwa limeshikana kwa kutu. Akaupiga mlango kwa bega, na mlango, ambao mchwa walikuwa wameshaumaliza kimyakimya, ukaanguka wote mzima upande wa pili, ukapiga kishindo, ukapandisha vumbi.

"Hodi," Fundi akasema, mlango ukiwa sakafuni.

"Karibu," akasema mtalaka wake. Lilimtoka tu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani juu ya nywele. Bwana Mapazia alikuwa amejibana ukutani, futi yake imekunjuka mpaka dirishani.

"Sijachomoa," Fundi akasema.

"Waya umekufa tangu asubuhi."

"Waya mzima. Kadi ndiyo imekufa. Nilibonyeza."

"Ulibonyeza nini?"

"Ile inayouliza kila siku."

Miwani ikashuka kutoka nyweleni hadi puani, taratibu. "Ile niliyokuandikia usiibonyeze."

"Ile."

"Nikakuandikia kadi yetu ni nzee."

"Uliandika."

"Wewe ukanijibu nini?"

"Sawa."

"Ukajibu sawa, ukabonyeza."

"Nilikuwa na njaa."

"Asiyesikia la mtalaka," sauti ya Daktari ikasema kutoka chumba cha pili, "huvunja mlango." Hakuna aliyecheka, isipokuwa Bwana Mapazia, ambaye aliacha alipoona yuko peke yake.

"Mbona hukuja kuniambia asubuhi?" mwanamke akauliza. Safari hii hakumsuta. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Ni ukuta tu. Ungezunguka ukaniambia tu, nimeharibu."

Fundi akatazama roli za uzi zilizokuwa zinaendelea kujiviringisha mpaka miguuni pake. Uwongo ulikuwepo, tena mwingi, lakini aliona hautapita mlango aliouangusha mwenyewe.

"Niliogopa utasema basi, na iwe hivyohivyo," akasema. "Sitaki iwe hivyohivyo. Nisamehe kwa kubonyeza. Na kwa kuandika NIMEONA."

Mwanamke akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa. Ilikuwa haina uchafu wowote.

"Bwana," akamwambia mshona mapazia, "kunja futi yako."

"Dada, si tumeshaelewana?"

"Tumeelewana meza. Chumba nilikuwa sijakijibu."

Hapo ndipo Daktari akaita kwamba mgonjwa ameamka. Wakaenda wote, wakikanyaga juu ya mlango. Nyuma ya kompyuta vitaa viwili vilikuwa vinapepesa, na faili za tangu asubuhi zikawa zinaingia moja baada ya nyingine kama wageni waliokuwa wamezuiwa getini. NEMBO YA MIKATE MAKOTI ISHIRINI LEO JIONI. Kisha hiyohiyo tena. Kisha UPO. Kisha UNAUMWA. Kisha UMECHOMOA.

"Hizo za mwisho usizisome," mwanamke akasema. "Zimepitwa na wakati."

"Nimeshazisoma."

"Basi washa mashine. Mwoka mikate haji kusoma."

Mashine ikawashwa, ikanguruma. Mwanamke alitia uzi, Fundi akakaza vitambaa kwenye fremu, na hawakuzungumza sana kwa sababu kelele haikuruhusu. Mara moja tu alimpigia kelele sikioni kwamba kona zinalegea, na zilikuwa zinalegea kweli.

Hesabu ya hasara ya kile kitufe alichobonyeza ilikuwa hivi. Mlango mmoja, ambao haukufaa hata kwa kuni. Mguu wa kabati. Roli tatu za uzi mwekundu zilizoviringika hadi kwenye mafuta ya mashine. Makoti tisa ya mwoka mikate, maana jioni alikuta kumi na moja tu tayari, akayachukua mengine bila nembo na kuyapeleka kwa mtu mwingine, tena akasema hana hakika kama atarudi. Bando la Daktari na kazi yake, vyote vililipwa siku hiyohiyo, kwa sababu Daktari hakubali neno baadaye. Na meza: Bwana Mapazia alikuwa ameshailipa, akakataa katakata kurudishiwa chake, akaibeba kichwani akavuka nayo barabara. Kwa hiyo mtalaka alichukua kompyuta yake mikononi, akapita pale palipokuwa na mlango, akaiweka juu ya meza ya Fundi upande wa dirishani, penye mwanga na upepo, alipokuwa akikaa Fundi. Fundi akahamia upande wa ukutani.