Bawa la Kushoto

Jua lilipokwisha kukausha umande, akina mama wa Vuhimba walitoa mikeka yao wakaanika maharagwe. Waliitandaza kuzunguka kivuli cha ndege ya jeshi, kwa sababu ndani ya kivuli maharagwe hayakauki, yanaota ukungu. Marie-Jeanne alikuwa amekipatia kazi: mtungi wake wa maziwa aliuweka pale mkiani, penye baridi kuliko kwingine, na maziwa hayakuchacha upesi. Kivuli kile hakikufuata jua. Kilikuwa kimelala palepale tangu vita ya waasi, toka ukuta wa kanisa mpaka kwenye migomba ya Séphora, na ndege yenyewe ilikwisha kwenda zake zamani.

"Mama Lusenge, vuta mukeka," Marie-Jeanne alisema. "Maharagwe yako inaingia mu bawa."

"Niache nayo," Séphora akajibu. "Ile bawa ni fupi, haiwezi kunifikia."

Bawa la kushoto lilikuwa fupi kweli kuliko la kuume. Séphora alisema ni udongo, unateremka upande ule. Alikuwa amelisema jambo hilo mara nyingi kuliko watu walivyomuuliza.

Rubani wa ndege ile alikuwa Lusenge, mtoto pekee ambaye Séphora aliachiwa na marehemu mume wake. Kijiji kizima kilimsomesha. Kila mavuno, kila nyumba ilitoa viazi, vikapelekwa kuuzwa Butembo, mpaka kijana akafika kwenye shule ya marubani. Likizo yake ya mwisho kabla ya vita alisimama mbele ya kanisa na kuwaambia watu: mkisikia ndege, tandazeni mashuka meupe uani, nitawatambua. Nitashusha bawa la kushoto, upande wa moyo. Hiyo itakuwa salamu yangu.

Tangu siku ile, mngurumo ukisikika, watu wa vilima vingine walikimbilia migombani. Wa Vuhimba walitoka na mashuka.

Vita ilipoikata nchi vipande, Lusenge alibaki upande wa serikali, na Vuhimba ikawa upande wa waasi. Watu wa Vuhimba hawakuona sababu ya kuacha desturi yao. Siku moja ya soko ndege ikaja, mashuka yakatandazwa, na mabomu yakasukumwa kwa mlango wake wa nyuma. Furaha, binti wa Marie-Jeanne, alikufa ameshika ncha ya shuka. Wengine walizikwa pamoja kwa kuwa haikujulikana nani ni nani. Séphora hakuwapo, alikuwa mtoni anafua vitambaa vya altare. Aliporudi, moshi ulikuwa umeondoka na kivuli kimebaki.

Jumapili iliyofuata aliweka mkono juu ya Biblia mbele ya wafiwa wote. Aliapa kwamba mtoto wake hakujua kama ni kwao. Mawingu yalimziba. Angelijua, angelishusha bawa. Katekista Ananie akaitikia "Amina," na hakuna aliyepinga. Hivyo Séphora aliendelea kufua vitambaa vya altare, na kula sahani moja na Marie-Jeanne.

Kisha amani ikaja, majeshi yakachanganywa, na Lusenge akashuka katika uwanja wa ndege wa Rughenda akiwa koloneli.

Alipanda hadi Vuhimba kwa gari la jeshi. Watoto walimwimbia. Alimkumbatia mama yake, akala bugali na samaki wa Kyavinyonge, akasifu samaki. Baadaye akatoka uani huku akichokonoa meno. Alikiangalia kivuli kama mtu anavyoangalia picha yake ya ujana.

"Mais, kivuli inaonekana muzuri," alisema. "Mama, uliona vile nilibasalimia?"

"Wapi?"

"Si pale! Angalia bawa ya kushoto. Niliishusha polepole, safi kabisa. Benzangu baliniuliza juu ya nini ninalaza ndege. Nikabaambia, niko nasalimia mama."

Séphora alikaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni.

"Kumbe ulituona."

"Nilibaona bote. Mashuka ilikuwa mingi, mama. Nilisikia furaha sana."

"Na mabomu?"

Lusenge alitupa kijiti cha meno. Hakukasirika. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mama, ile ilikuwa kazi. Balituambia soko inalisha baasi, donc soko ipigwe. Salamu ilikuwa yangu. Mabomu ilikuwa ya jeshi. Hapana changanya."

Kabla ya kuondoka alimwachia kitenge kipya, bado kimekunjwa. Gari lilipoteremka, Séphora alivaa viatu vya misa akaenda kanisani. Alimkuta Ananie anapanga vitabu vya nyimbo, na Marie-Jeanne anafagia.

"Papa Ananie, niliapa uongo," alisema. "Lusenge alituona. Ameniambia kwa kinywa chake. Jumapili nataka nisimame niondoe kile kiapo."

Ananie aliendelea kupanga vitabu.

"Mama, si tunajua."

"Munajua nini?"

Ni Marie-Jeanne aliyejibu, ameegemea ufagio.

"Wewe ulikuwa ku mutoni. Sisi tulikuwa hapa. Tuliona bawa ikishuka. Furaha alipiga makofi, akasema: yaya Lusenge ametujua! Kisha ndege ikafungua mulango."

"Na mulinisikia nikiapa."

"Tulikusikia."

"Mukono wangu ulikuwa juu ya Biblia, Marie-Jeanne! Ukanyamaza!"

"Bakubwa balisema tukuache," Marie-Jeanne alisema. "Balisema vita itakwisha, ule mutoto atakuwa mutu mukubwa, tutamuhitaji. Mimi nilikuwa na mutoto wa kuzika. Sikukuwa na nguvu ya kubishana."

Ananie alifunga kabati.

"Koloneli ameahidi manjanja ya kufunika paa ya kanisa na ya dispensaire," alisema. "Ukisimama Jumapili, utamuharibia jina, na manjanja haitakuja. Kiapo uache kwa Mungu. Yeye anajua kama hukujua."

"Sasa ninajua."

"Njo maana nakuomba unyamaze, mama."

Jumapili kanisa lilijaa. Séphora alisimama kabla ya wengine, akafungua kinywa, lakini Ananie alianzisha wimbo, na watu wakaupokea kwa nguvu, ubeti baada ya ubeti, mpaka miguu yake ikachoka akakaa. Ukaja wakati wa maombi. Ananie alimwombea Baba Mtakatifu, akaombea wagonjwa, kisha akamwombea koloneli Lusenge, mtoto wa Vuhimba, Mungu amlinde na kumwinua katika kazi yake.

"Ee Bwana, utusikie," watu wakaitikia, Marie-Jeanne pamoja nao.

Séphora hakuitikia. Ananie alimwangalia, akamngoja kidogo kama mtu anavyomngoja mwenzake aliyeshikwa na kikohozi, kisha akaendelea na maombi ya mvua.