Chupa ya Chai ya Mwalimu

Fundi wa vitasa hakujiunga na darasa la mitishamba kwa mapenzi ya majani. Alikwenda kupeleleza. Dada yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya maziwa, alikuwa na presha, na vidonge vyake vya hospitali vilikuwa vimelala kwenye droo wiki tatu bila kupungua hata kimoja. Na wiki tatu hizo ndizo dada alizokuwa akihudhuria darasa hilo la Jumamosi, kwenye ukumbi wa mtaa.

"Dada, umeacha dawa?"

"We fungua makufuli ya watu, mdogo wangu. Droo yangu iache."

Basi, kesi ikaisha hapo hapo: mwalimu ndiye aliyemkataza. Kilichobaki ni ushahidi.

Siku ya kwanza alipewa fomu ya kurasa mbili. Macho yake yalikuwa kwa mwalimu, bibi mwembamba mwenye miwani ya kamba, kwa hiyo alitia tiki safu nzima ya "ndiyo" bila kusoma, akasaini, akakaa nyuma karibu na dada yake.

Somo lilikuwa kukausha. Majani yanaanikwa kivulini, sio juani, maana jua hufukuza harufu. Kila mtu alisugua jani kwa vidole, akanusa, akalichora daftarini.

"Fundi," akasema mama muuza viatu aliyekaa mbele yao, "hilo jani lako linafungua mlango gani?"

Kweli lilifanana na ufunguo. Fundi alifunga daftari, maana muda wa kuonja ulikuwa umefika na mambo yalianza kunuka. Wenzake wote walimiminiwa kutoka sufuriani. Yeye akamiminiwa kutoka kwenye chupa ya chai ya kijivu iliyokaa miguuni pa mwalimu. Akaonja. Maji ya moto matupu. Wenzake walikuwa wakifumba macho, "mmh, mmh," kama waliolishwa asali.

Jumamosi ya pili, vilevile. Na safari hii akaona jambo lingine: mwalimu naye alikunywa kutoka kwenye chupa ile ile. Sufuria hakuigusa. Fundi akajisemea, mpishi anayekimbia chungu chake ana lake jambo. Na huyu bibi kashanijua, ananinywesha maji nisipate ushahidi.

Jumamosi ya tatu alisimama na kikombe mkononi kabla watu hawajaanza kunywa.

"Samahani, mwalimu. Leo onja wewe kwanza. Ya sufuriani."

Dada akamvuta shati. "Kaa chini, unanitia aibu."

"Siwezi kuinywa," mwalimu akasema.

"Mmesikia wenyewe."

Mwalimu hakubishana. Alifungua faili, akatoa karatasi mbili. "Hii ya juu ni fomu yangu. Soma kwa sauti swali la nne."

Fundi akasoma. "Unatumia dawa za hospitali? Ndiyo. Za presha."

"Anayetumia dawa za hospitali hapa ananusa, anachora, haonji mpaka amuulize daktari wake. Mimi bado sijamuuliza. Sasa soma yako. Swali la tano."

Fundi akakodoa macho. Sauti ikapungua. "Una mimba au unanyonyesha?"

"Umejibuje?"

"Ndiyo."

"Nilijua ni utani wako," mwalimu akasema. "Lakini fomu ikisema ndiyo, kikombe kinatoka kwenye chupa. Sipimi watu kwa macho."

"Hongera, fundi," akasema mama muuza viatu. "Miezi mingapi?"

Watu wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama kikombe cha dada yake.

"Mwalimu, dada yangu unammiminia ya wapi?"

"Sufuriani. Kaandika hatumii dawa yoyote."

Kicheko kikakatika. Dada alikuwa ameinamia daftari lake.

"Sikudanganya," akasema polepole. "Siku naandika, nilikuwa nimeshaacha. Tangu jana yake."

"Kwa nini, dada?"

"Jirani aliyesoma hapa alinidokeza mapema hilo swali la dawa. Miaka tisa mimi ni mgonjwa, kila nikienda, mgonjwa. Nilitaka mahali pamoja tu nikae kama watu wengine."

Mwalimu akakichukua kikombe cha dada, akakimwaga kwenye sinki. "Nenda ukapimwe sasa hivi. Kiti chako hakiendi popote. Utakaa na mimi upande wa chupa."

Zahanati haikuwa mbali. Nesi alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akamwita daktari. Dada na fundi walirudi nyumbani jioni na pakiti mpya ya vidonge na maneno makali ya daktari.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, fundi hupitia kwa dada yake. Husimama mlangoni na glasi ya maji, humtazama akimeza.

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kutafuna, wewe."

"Inua ulimi, dada."